Spika ya Uani

Kijiwe chetu kiko Kibiti, kando ya barabara ya kwenda Lindi, mbele ya kibanda cha kuchajia simu cha Twalibu, na ndiyo maana Twalibu mwenyewe tunamwita Chaji. Benchi ni moja, refu, mguu wake mmoja ni tofali. Kahawa ni ya Mzee Kibwana, anayejua kupika na anayejua zaidi kusengenya. Msemaji mkuu ni Mzee Mshamu, jina lake la kijiweni Profesa, kwa sababu hajawahi kuulizwa jambo akasema halijui. Mimi wananiita Jaji: nimekaa pale miaka kumi na moja nikisikiliza kesi na sijatoa hukumu hata moja. Siku zote tunabishana mambo ya mpira, viboko na mawaziri, tunakunywa, tunakwenda kuswali, hakuna anayeumia. Lakini Jumamosi ile alikuja Amri anavuta mkokoteni mwenyewe, siku ya binti yake Warda kuondoka kwenda kwa mumewe, na jasho lililokuwa likimtoka halikuwa la jua.

— Asalaam aleikum, — akasema, hata kukaa hakukaa.

— Waaleikum salaam, baba wa bi harusi! — Profesa akamsogezea nafasi. — Unavuta mkokoteni siku kama ya leo? Watu wa Ngarambe wakikukuta hivyo watasema wameoa kwa mchukuzi.

— Acha utani, Profesa. Chaji, umeme upo?

— Upo, Baba Warda. Umeleta nini?

Amri akafunua mkeka. Ndani yake mlikuwa na amplifaya ya zamani, kubwa, nzito, uso wake wa bati unaong'aa. Juu yake deki ya kaseti, na pembeni spika mbili za mbao.

— Spika moja inasema, moja haisemi, — akasema Amri. — Fundi amekwenda msibani Utete, simu yake haipatikani. Wale wa Ngarambe wameshaondoka kwao tangu asubuhi. Wakifika wanamchukua mtoto.

— Sasa presha ya nini, mzee? — Chaji akacheka. — Sabufa si ipo hapo kwako, inapiga tangu jana?

— Sabufa wameishika wanawake. Nenda wewe kaizime uone.

— Aaa, hapo umenipata. Siendi.

— Na spika moja haitoshi kwani? — akauliza Mzee Kibwana akimimina kahawa. — Mbona nyumba nzima inasikia?

Amri akatia mkono mfukoni mwa shati, akatoa leso, akaifungua polepole. Ndani yake mlikuwa na kaseti.

— Haitoshi, — akasema. — Hii haitoshi.

Hapo ndipo akatueleza, na mimi nitaeleza kwa kifupi kwa sababu yeye aliirudia mara tatu. Warda alifiwa na mama yake, Mwanamkuu, hajatimiza hata miaka miwili, wakati huo Amri na mkewe wanaishi Mbwera. Picha ya mama ipo moja, ya kitambulisho. Sauti hakuna. Mtoto amelelewa na bibi yake hapa Kibiti, na bibi naye tumemzika mwaka jana. Juzi walipofungua kasha la bibi kutafuta kanga za harusi, chini kabisa wakaikuta kaseti hii, imeandikwa kwa kalamu ya wino: Arobaini ya mtoto wa Amri. Mtoto wa Amri ndiye Warda. Siku ya arobaini mzazi hutoka ndani, watu hula, hufurahi. Warda alipoisoma ile kaseti alimwambia baba yake mbele ya wanawake wote: sipandi gari mpaka nimemsikia mama. Na Amri, mbele ya wanawake wote, akasema utamsikia.

— Aliyerekodi ni Nurdini, kijana wa hukohuko Mbwera, — Amri akamalizia. — Alikuja na deki yenye vipaza sauti viwili. Kimoja akakiweka barazani kwetu wanaume, kimoja akakipitisha dirishani, kikaenda uani kwa wanawake. Asije mtu akasema kapunjwa.

— Nakumbuka! — Profesa akapiga goti. — Nilikuwapo, tulikuwa majirani Mbwera! Yule mbuzi nilimchinja mimi.

— Uliagizwa maji ya kumuoshea, Profesa. Sasa sikilizeni. Wanaume wako spika ya kulia. Wanawake wako ya kushoto. Na ya kushoto ndiyo imekufa.

Mzee Kibwana ndiye aliyeuliza la maana:

— Na wale waliokuwa uani siku hiyo? Si wamsimulie mtoto?

— Mama yangu ndiye huyo tumemzika. Dada yangu Salima alikuwapo, lakini masikio yamekwisha, hata adhana anaonyeshwa kwa mkono. Waliobaki walikuwa majirani, wengine hata majina siyakumbuki. Jamani, msinihoji. Nisaidieni.

Chaji akatoa vyombo, akaunganisha. Waya mwekundu wa kulia, waya mweupe wa kushoto, kutoka deki mpaka amplifaya, halafu spika. Amri akaitia kaseti mwenyewe, kwa vidole viwili, akabonyeza. Kwanza mkwaruzo. Halafu spika ya kulia ikapasuka kwa kicheko cha wanaume, na sauti moja ikapanda juu ya zote:

"Nawaambieni, shikeni maneno yangu! Ikifika mwaka elfu mbili na tano, Mbwera itakuwa na lami mpaka msikitini!"

— Huyo nani? — akauliza Chaji.

— Mimi, — akasema Profesa, na nakwambieni sijawahi kumwona mtu akiipenda sauti yake namna ile.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mbwera ya mitumbwi na vijito, lami! Tukairudisha, tukasikiliza tena. Profesa akataka ya tatu, eti kulikuwa na sababu za kitaalamu nyuma ya kauli yake. Ikasikika pia sauti ya Amri, nyembamba, ya kijana: "Mtoto kanifanana miguu tu, kwingine kote ni mama yake, alhamdulilahi!" Wanaume wakaangua kicheko huko Mbwera, na sisi tukaangua kicheko Kibiti. Amri peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya spika ya kushoto, sikio limegusa kitambaa.

— Hamna kitu, — akasema. — Jamani, sikuja hapa kuwasikilizeni ninyi.

Simu yake ikaita. Akaitazama kama mtu anayetazama nge.

— Naam, mkwe... Naam... Eee, karibuni, karibuni sana. — Akakata. — Wamevuka daraja.

— Basi muda upo, — akasema Profesa, akavua kofia, dalili kwamba darasa limeanza. — Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake nini? Maana yake ugonjwa uko kwenye kitambaa cha spika. Kimeziba. Kichanwe.

— Hakichanwi kitu! — Amri akaikinga spika kwa mwili.

— Oya, tulieni, — Chaji akasema. — Tuanze na rahisi. Hii spika bubu naichomeka kwenye matundu ya ile inayosema. Ikisema, nzima. Isiposema, mbovu. Si ndiyo hivyo?

Akafanya. Spika ya kushoto, ile bubu, ikafumbua mdomo: "...lami mpaka msikitini!"

— Spika nzima, — akasema Chaji. — Tatizo liko nyuma huku, kwenye amplifaya au kwenye hizi waya. Ngoja nibadilishe hapa, huu mweupe niupeleke kwenye nyekundu nione...

— Thubutu! — Profesa alisimama. Profesa akisimama ujue jambo ni zito. — Wewe mtoto unataka kuunguza nyumba? Kwa nini Mjapani alitia rangi? Nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Kuna jamaa Ikwiriri alichanganya, televisheni ikageuka, watu wakawa wanatembea miguu juu.

— Profesa, hizi ni waya za sauti tu.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, changanya kwa sadaka, usichanganye kwa umeme.

— Hiyo wamesema wahenga gani?

— Wa umeme.

Chaji akataka kubisha, lakini Amri akamshika mkono. Nilimwona Amri usoni. Alikuwa amefikia pale ambapo mtu anamwamini yeyote anayesema kwa sauti kubwa.

— Usichanganye, mwanangu. Ikiungua na hii moja nitamwambia nini Warda?

Waya zikaachwa kama zilivyokuwa. Nami Jaji nilikuwapo, nikanyamaza, sina wa kumlaumu.

— Basi liko hivi, — Profesa akaendelea, ameshakaa. — Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hii spika ya kulia imekula umeme wote. Ile ya kushoto ina njaa. Dawa ni kuinyima hii ya kulia kwa muda, saa nzima, ikonde. Halafu tunagawa sawa.

— Saa nzima sina.

— Basi nusu.

— Tuifungue, — akasema Chaji kwa hasira, akachukua bisibisi. Skrubu sita. Akalinyanyua lile bati la juu, na kabla hajaliweka chini, kitu kikamwagika miguuni mwake, chakachaka, kama mtu aliyepasua mfuko.

Tukainama wote.

— Mpunga huu, — akasema Mzee Kibwana.

Ulikuwa mpunga kweli. Punje na maganda na unga wa pumba, umejaa ndani ya amplifaya, katikati ya waya na vyuma, na fukusi watatu wanene wanatembea juu ya mashine kama wenye nyumba.

— Baba Warda, — Chaji akauliza taratibu, — imekuwaje?

Amri akajikuna shingo.

— Masika yaliyopita paa langu lilivuja. Iliingia maji. Mliniambia wenyewe hapahapa, kwenye benchi hili, simu ikilowa unaifukia kwenye mchele siku tatu. Nikasema kama simu ndogo ni siku tatu, amplifaya kubwa ni mwezi.

— Mchele, bwana! — Mzee Kibwana akashika kiuno. — Mchele uliokobolewa, ukapepetwa! Wewe umeizika kwenye gunia la mpunga na maganda yake?

— Mchele wote tulikuwa tumeuza. Mpunga ndio uliokuwapo ndani.

— Aliyesema simu ifukiwe kwenye mchele ni nani? — nikauliza.

Kila mtu akamtazama Profesa. Profesa akatazama barabarani.

— Nilisema mchele, — akanong'ona. — Aina sikutaja.

Hapo matumaini yakarudi. Ugonjwa umeonekana! Chaji akaleta pampu ya baiskeli, tukapulizia. Pumba zikaruka, zikatuingia machoni na kwenye kahawa. Mzee Kibwana akapekua kwa unyoya wa kuku. Fukusi wakafukuzwa. Amri alikuwa anaokota punje moja moja kwa kucha, midomo inamchezacheza, nadhani alikuwa akisoma uradi. Tulipomaliza, mashine ilikuwa safi hata ungeweza kulia wali ndani yake. Chaji akawasha.

Kulia: "...kwingine kote ni mama yake, alhamdulilahi!"

Kushoto: kimya.

— Bado punje moja, — Profesa akasema. — Naiona. Ile pale, nyuma ya ile rangi ya shaba. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Safari hii methali ilikaa mahali pake, na hilo ndilo lililotuponza. Tulimwachia. Akainama na kisu cha kukatia kashata, mashine bado ina umeme, akachokonoa. Pakatokea cheche ya buluu, pakatoka harufu, na spika ya kulia ikakata neno katikati. Taa ya amplifaya ikazimika.

Profesa alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, kisu kiko huko, kofia iko kule. Alikuwa mzima. Amri hakumtazama hata yeye. Aliitazama ile taa iliyozimika, halafu akakaa juu ya spika, akajifunika uso kwa viganja. Nyumbani kwake, hatua mia kutoka pale, wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, na kila kigelegele kilimtikisa mabega. Niliona huruma na niliona aibu. Miaka yote tumekaa pale tukijifanya tunajua, na siku mtu ameleta kitu anachokihitaji kweli, tumemuulia na kile kilichokuwa kizima.

— Nisamehe, Amri, — Profesa akasema. Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

— Tulieni, — Chaji akasema kutoka chini ya meza. — Ni fyuzi. Imeungua fyuzi tu. Ninayo ya redio ya yule mteja aliyekimbia.

Akaibadilisha. Safari hii alituambia tukae mbali, na tukakaa mbali. Taa ikawaka. Mkwaruzo. Halafu wanaume wa Mbwera wakarudi, wanabishana juu ya kiboko aliyekula shamba la mtu. Tukapumua. Lakini ilikuwa ni ileile, ya kulia tu, na simu ikaita tena.

— Naam, mkwe... Ikwiriri? Maashallah, mmewahi... — Amri akakata. — Wako Ikwiriri. Wananunua maji, wanakuja.

Mzee Kibwana akaweka birika lake chini.

— Mimi nitasema neno, mniwie radhi. Hamlioni nyinyi? Mashine imesafishwa. Spika nzima. Fyuzi mpya. Wanaume wanasikika, wanawake hawasikiki. Hii kaseti ina adabu zake. Mambo ya uani hayafiki barazani. Siku ile wale wanawake walizungumza yao, wanaume hawatakiwi kuyasikia, na hapa tulipo sote ni wanaume. Itasema vipi?

Ungedhani tutacheka. Chaji alifungua mdomo acheke, akaufunga. Palikuwa na jua la mchana, magari yanapita, na mimi mwenyewe nywele za mikono zilinisimama.

— Labda ni kweli, — akasema Amri. Alisema haraka mno. — Labda tuiache. Nitamwambia Warda imeshindikana. Atalia kidogo, atapoa. Wengi wanaishi bila kujua sauti za mama zao.

— Baba Warda, usikate tamaa, mzee, — Chaji akamwambia.

— Sikati tamaa. Nasema tuiache.

Nilimtazama vizuri. Nilikuwa nimedhani tangu alipofika kwamba anaogopa mashine isipone. Sasa alikuwa anaifunga leso yake kama vile kaseti imo ndani, mafundo mawili, matatu, wakati kaseti yenyewe bado iko ndani ya deki. Alikuwa anafunga leso tupu.

— Amri, — nikamwambia, — una nini?

— Sina kitu, Jaji.

Wakati huo tukasikia mtu anaita kwa sauti ya kukanya: "Warda! We Warda! Bi harusi hatoki nje!" Tukageuka. Warda alikuwa anakuja, kwa miguu yake, katikati ya njia, amejitanda kanga mbili, mikono imechorwa hina mpaka kiwikoni. Nyuma yake anakimbia Hadija, somo wake, aliyemfunda siku saba, kashika kiatu kimoja mkononi. Kwetu bi harusi haonekani mpaka akabidhiwe. Kuonekana kijiweni, kwenye benchi la wanaume, hilo halijawahi kusimuliwa. Tukainamisha macho sote. Profesa alijifunika uso kwa kofia.

— Shikamooni, — akasema Warda.

— Marahaba, — tukaiambia ardhi.

— Baba, wako Ikwiriri. Bado?

— Bado, mwanangu. Rudi ndani, watu watasema.

— Watasema nini zaidi ya walivyosema? Imekuwaje?

— Upande wa uani umekufa. Tumejaribu kila kitu. Muulize Chaji.

— Na huu mwingine?

— Huu mzima, — akasema Chaji, bado anatazama chini. — Lakini unatoa wanaume tu, dada.

Warda akaitazama mashine, waya mwekundu, waya mweupe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuviona kwa karibu.

— Sasa huu mzima ukipewa waya wa uani, utakataa?

Niliusikia mguu wa tofali ukisagika chini ya benchi. Profesa aliteremsha kofia kutoka usoni. Chaji hakumngojea mtu. Aliuchomoa waya mwekundu, akauchomeka mweupe mahali pake. Hakuna kilichoungua. Nyumba haikuwaka. Akarudisha kaseti nyuma, akabonyeza.

Mkwaruzo. Halafu uani kukafunguka.

Sufuria iligongwa na mwiko. Wanawake wengi, wanasema kwa pamoja, wengine mbali, wengine karibu. Mmoja anaagiza chumvi. Mwingine anasema mwacheni mzazi apumzike, na watatu wanamcheka kwa pamoja. Kinu kinatwangwa. Kuku anafukuzwa. Warda alikuwa amesimama, mikono ya hina ameikunja kifuani ili asiifute. Hadija alikuwa amefika, anahema, akasahau kukanya.

Halafu mtoto mchanga akalia. Alilia karibu kabisa na kipaza sauti, kilio cha siku arobaini, kikali na kifupi. Na juu ya kilio hicho ikaja sauti ya mwanamke, ya chini, ya taratibu, kama vile mdomo wake uko sikioni mwa mtoto:

"Nyamaza mama, nyamaza. Baba yako yuko barazani anakula. Atakuja. Nyamaza mama yangu, mm? Nyamaza."

Mtoto akapunguza. Mwanamke akaguna guno la kubembeleza, lisilo na maneno, akiupigapiga mgongo mdogo, tuliusikia mkono. Mtoto akanyamaza. Halafu kelele za uani zikafunika vyote.

Warda akageuka. Machozi yalikuwa yanateremka na hakuyafuta kwa sababu ya hina.

— Baba, — akauliza, — huyu anayenibembeleza ndiye mama?

Jibu lilikuwa neno moja. Hata mtu asiyejua kitu angelijibu. Nilimwombea Amri alitamke, Mungu anisamehe; nilimwombea aseme ndiye, iwe kweli isiwe kweli, mtoto apande gari na moyo mweupe. Nilimtazama Profesa, aliyekaa naye barazani siku ile, aliyekula mbuzi yule, aliyekuwa jirani ya mwanamke huyo miaka minne. Profesa alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kisicho na kitu. Sauti ile ingeweza kuwa ya bibi. Ingeweza kuwa ya Salima, kabla masikio hayajakwisha. Ingeweza kuwa ya jirani yeyote aliyepita na kumwokota mtoto anayelia.

Amri alifungua mafundo ya leso yake.

— Sura yake naiona, — akasema. — Mpaka leo naiona, hata alivyokuwa akifunga kilemba. Sauti imenitoka. Sijui ilinitoka mwaka gani. Nikasema nikiisikia tu, nitaijua. Mimi nilikuwa barazani, mwanangu.

Honi ya Kosta ya watu wa Ngarambe ikalia barabarani, ndefu, na nyuma yake nyingine, na wanawake nyumbani kwa Amri wakapokea kwa vigelegele. Hadija akamgusa Warda bega. Warda akakaa kwenye benchi letu, katikati yangu na Mzee Kibwana, akavuta kanga usoni.

— Irudishe, — akamwambia Chaji.

Chaji akairudisha nyuma, na mtoto akaanza tena kulia.